Nati Moja, Madaraja Mawili: Fumbo la Hyatt Regency, Kansas City

Tuanze na fumbo lenyewe. Kuna boriti mbili, moja juu ya nyingine, zote zimening'inizwa kutoka darini. Katika mpango wa kwanza, nondo moja ndefu inashuka kutoka darini, inapenya tundu la boriti ya juu na kuendelea hadi boriti ya chini. Chini ya kila boriti kuna nati inayoizuia isiteleze. Katika mpango wa pili, nondo ile imekatwa ikawa mbili. Ya kwanza inatoka darini na kuishia kwenye boriti ya juu. Ya pili inaanzia kwenye boriti hiyohiyo ya juu, kando kidogo ya mwenzake, na kushuka hadi boriti ya chini. Boriti ni zilezile, nondo ni za unene uleule, na dari inabeba uzito uleule. Je, kuna kilichobadilika?

Wengi hujibu kwamba hakuna, na hawajibu ovyo. Jumla ya mzigo ni ileile. Hata nondo ya juu, ukiipigia hesabu, inavutwa kwa nguvu ileile katika mipango yote miwili, kwa sababu boriti zote mbili hatimaye zinaning'inia kwayo. Anayeangalia nondo haoni tofauti. Anayeangalia dari haoni tofauti. Mabadiliko yako mahali padogo sana, na mwaka 1979 mahali hapo palipita mbele ya wataalamu, pakiwa pamechorwa wazi kwenye karatasi, na karatasi ikapigwa mhuri. Miaka miwili baadaye watu 114 walikufa.

Jengo ni hoteli ya Hyatt Regency katika jiji la Kansas City, jimbo la Missouri, Marekani. Ilifunguliwa Julai 1980. Sifa yake kubwa ilikuwa ukumbi wa mapokezi uliopanda juu ghorofa kadhaa bila kukatizwa na sakafu, na kupita hewani ndani ya ukumbi huo kulikuwa na madaraja matatu ya waenda kwa miguu, katika ghorofa ya pili, ya tatu na ya nne kwa hesabu ya Wamarekani, ambao sakafu ya chini huiita ya kwanza. Kila daraja lilikuwa na urefu wa mita 37 hivi na uzito wa takriban tani 29. La ghorofa ya nne lilikuwa juu ya la ghorofa ya pili sawasawa, na la pili lilining'inia kwenye la nne. La ghorofa ya tatu lilijitenga upande mwingine, likiwa na nondo zake lenyewe. Liweke akilini hilo la tatu, kwa maana ndilo litakalotoa ushahidi baadaye.

Ijumaa tarehe 17 Julai 1981 kulikuwa na dansi ya jioni, na watu zaidi ya elfu moja walijaa ukumbini. Wengine walipanda kwenye madaraja kutazama kutoka juu. Saa moja na dakika tano za jioni, daraja la nne liliachana na nondo zake, likaliangukia la pili, na yote mawili yakashukia watu waliokuwa chini. Zaidi ya watu 200 walijeruhiwa, na kazi ya kuwatoa walionaswa chini ya zege na vyuma iliendelea usiku kucha.

Anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza hushuku dansi: watu waliruka kwa mdundo mmoja, daraja likatikisika hadi likakatika. Au hushuku kwamba watu walizidi. Dhana zote mbili hazisimami. Waliokuwa kwenye madaraja mawili yaliyoanguka walikadiriwa kuwa 60 na ushei tu, na kanuni za ujenzi za jiji hilo zilitaka madaraja yahimili umati mkubwa zaidi ya huo mara nyingi.

Kidokezo kilikuwa hapohapo ukumbini. Nondo za juu hazikukatika. Zilibaki zikining'inia kutoka darini, nzima, na nati zake zikiwa bado zimefungwa kwenye ncha. Kilichotoweka ni boriti iliyopaswa kukaa juu ya nati hizo. Gazeti la Kansas City Star lilimwajiri mhandisi, Wayne Lischka, alisaidie kuelewa yaliyotokea, na ndani ya siku chache akagundua kwamba namna nondo zilivyofungwa haikuwa ile iliyochorwa kwenye michoro ya awali. Mwaka uliofuata kazi ya gazeti hilo pamoja na mwenzake, Kansas City Times, ilipata Tuzo ya Pulitzer ya uandishi wa habari. Ninaipenda sana sehemu hii ya kisa: jibu lilipatikana kwa kutazama kile kilichobaki juu, wakati macho ya karibu kila mtu yalikuwa kwenye kifusi.

Sasa tujibu fumbo. Chukua watu wawili wanaoning'inia kwenye kamba moja. Kila mmoja ameshika kamba kwa mikono yake, na mikono ya kila mmoja inabeba mwili mmoja. Kisha mwambie yule wa chini aachie kamba na ashike miguu ya yule wa juu. Kamba haijaongezewa chochote, lakini mikono ya mtu wa juu sasa inabeba miili miwili.

Nati iliyo chini ya boriti ya juu ndiyo mikono hiyo. Katika mpango wa kwanza, uzito wa daraja la pili ulipanda moja kwa moja ndani ya nondo ndefu hadi darini, ukapita katikati ya tundu la boriti ya ghorofa ya nne bila kuigusa. Nati ya juu ilibeba daraja la nne peke yake. Katika mpango wa pili, uzito wa daraja la pili ulipanda hadi boriti ya nne, ukaingia ndani ya boriti, ukasogea kando kama sentimita 10, kisha ukaikandamiza nati ya nondo ya juu pamoja na uzito wa daraja la nne. Mzigo kwenye nati ulikuwa mara mbili. Ukitaka kujipima kama umeelewa, ongeza daraja jingine la kuwazia tu chini ya hayo mawili kwa mtindo huohuo wa kukatakata nondo. Nati ya juu kabisa itabeba matatu, ilhali kwa nondo moja ndefu ingeendelea kubeba moja tu.

Tuweke namba, maana bila namba mtu anaweza kudhani kwamba mara mbili si jambo kubwa. Kila daraja lilikuwa na boriti tatu za kukingama, na kila boriti ilishikwa na nondo pande zote mbili, yaani vishikizo sita. Hapa pana mtego mdogo: usigawe tani 29 kwa sita. Ncha mbili za daraja zilikuwa zimeegemea jengo lenyewe, kwa hiyo daraja liligawanyika katika vipande vinne vinavyolingana, na kila boriti ya katikati ilibeba nusu ya kipande kilicho upande huu na nusu ya kile cha upande wa pili. Hiyo ni robo ya daraja kwa kila boriti, na thumni kwa kila nondo. Tani 29 gawanya kwa 8 ni tani 3.6 hivi, daraja likiwa tupu. Nondo zikishakatwa, kila nati chini ya boriti za ghorofa ya nne ilikuwa inabeba tani 7 na robo kabla ya mgeni yeyote kukanyaga.

Taasisi ya serikali ya viwango, iliyoitwa wakati huo National Bureau of Standards, ilitengeneza nakala za kiungo hicho na kuzivuta maabarani hadi zikashindwa. Zilishindwa kati ya tani 8 na 9. Kwa hiyo madaraja yalikuwa yametumia karibu uwezo wote wa kiungo kwa kujibeba yenyewe tu, na kilichobaki kwa ajili ya binadamu kilikuwa takriban tani moja kwa kila nati. Ndiyo maana umati mdogo ulitosha. La kustaajabisha ni kwamba yalisimama kwa mwaka mzima wa hoteli kuwa wazi.

Kwa nini basi nondo ilikatwa? Si uzembe wala tamaa, na hili lazima lisemwe kwa haki. Nondo moja ndefu ilikuwa na tatizo la kweli la ujenzi. Ili nati ifike chini ya boriti ya nne, ni lazima ipandishwe kutoka ncha ya chini ya nondo, ikizungushwa njia nzima. Maana yake nondo yote, kuanzia ghorofa ya pili hadi ya nne, ichongwe uzi wa skrubu. Kisha uzi huo wote ulindwe usigongwe wala kupinda wakati boriti nzito zinapandishwa kuuzunguka. Fundi yeyote aliyewahi kufunga nati kwenye uzi uliogongwa sehemu moja tu anajua kwamba haipiti. Kampuni iliyotengeneza vyuma, Havens Steel, iliona tatizo hilo na kupendekeza nondo mbili fupi, kila moja ikiwa na uzi kwenye ncha tu. Kwa upande wa karakana, ni wazo zuri. Mchoro wa awali ulikuwa wa mtu ambaye hakujiuliza chuma hicho kitafungwaje na mikono ya watu.

Na kulikuwa na njia ya kutatua tatizo la karakana bila kugusa nati. Acha nondo ya juu ipenye boriti ya nne na ichomoze kidogo chini yake. Funga nati ya kubeba boriti. Kisha, kwenye ile ncha iliyochomoza, unganisha nondo ya chini kwa kifungio kirefu chenye uzi ndani, kinachopokea ncha ya nondo ya juu upande mmoja na ya nondo ya chini upande wa pili. Nondo ni mbili, uzi ni mfupi, na uzito wa daraja la pili unapanda moja kwa moja hadi darini bila kuingia kwenye boriti ya nne. Tofauti na kilichojengwa ni sentimita 10 za kusogea kando. Nimewaonyesha watu michoro hii miwili ikiwa pamoja, na mara nyingi hata baada ya kuelezwa huhitaji muda wa kukaa nayo kabla ya kuiona tofauti. Ndiyo sababu ninaiona hatari: mchoro mbaya haukuonekana mbaya.

Maelezo mengi ya kisa hiki huishia hapa. Nondo ilikatwa, mzigo ukawa mara mbili, daraja likaanguka. Ni kweli yote, lakini ukiishia hapo umekosa nusu ya kisa, na kwa maoni yangu ni ile nusu iliyo muhimu zaidi.

Rudi kwenye daraja la ghorofa ya tatu. Lilining'inia peke yake. Nati zake zilibeba daraja moja tu, kama ambavyo nati za ghorofa ya nne zingebeba katika mpango wa awali. Halikuanguka. Lakini lilipokaguliwa, boriti zake zilionekana zimeanza kupinda pale nati ilipokuwa ikizikandamiza. Chuma kilikuwa kimeanza kusalimu amri chini ya mzigo uliodhaniwa kuwa wa kawaida.

Ili kuelewa sababu, itazame boriti yenyewe kwa karibu. Haikuwa boksi la chuma lililotengenezwa kwa kipande kimoja. Zilikuwa chaneli mbili za chuma, kila moja ikiwa na umbo la herufi C, zimekabilishwa kingo kwa kingo, na kingo hizo zikachomelewa pamoja kwa urefu wote. Ukiikata unaona mstatili wenye uwazi katikati, na mishono miwili ya kuchomelea: mmoja juu, mmoja chini. Tundu la nondo lilitobolewa papo hapo kwenye mshono. Yaani nati na washa yake (kipete bapa cha chuma kinachokaa kati ya nati na boriti) zilikandamiza kingo nyembamba za chaneli mahali zilipounganishwa, katikati ya uwazi, pasipo na chuma cha wima juu yake cha kupokea nguvu. Nati ilipoisukuma, kingo zilijikunja kuelekea juu kama midomo inayofunguka, mshono ukaachia, na nati ikapita ndani ya boriti na kutokea juu. Vyuma vilivyookotwa kwenye kifusi vilikuwa na umbo hilohilo.

Ungeweza kuzigeuza chaneli zile zile zipeane migongo, ili kuta zake za wima zikae karibu na nondo na kubeba mzigo. Ungeweza kuweka bamba nene chini ya boriti ili lisambaze nguvu hadi kwenye kuta za pembeni. Ungeweza kuchomelea vipande vya kuimarisha ndani. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji elimu ya pekee, wala gharama ya kuumiza mradi wa hoteli ya ukubwa ule. Kinachohitajika ni mtu mmoja akae na kiungo hicho akipigie hesabu.

Na wachunguzi walipoupigia hesabu mpango wa awali, ule wa nondo moja, walikuta kwamba nao usingetosha. Kanuni za Kansas City zilitaka kiungo hicho kiwe na uwezo wa kufikia tani 15 na zaidi kabla ya kushindwa, ukijumlisha daraja, umati uliokadiriwa na akiba ya usalama. Mpango wa awali ungetoa takriban asilimia 60 tu ya uwezo huo. Kilichojengwa, ambacho kilipaswa kubeba mara mbili, kilikuwa na chini ya theluthi moja ya kilichotakiwa. Kwa hesabu hizo, nondo moja ndefu ingeuhimili usiku ule, kwa kuwa umati haukufikia hata karibu na ule wa kanuni. Ingebaki kuwa kinyume cha sheria, na hakuna ambaye angejua.

Kwa hiyo swali la kisa hiki halipaswi kuwa nani aliikata nondo. Swali ni nani alikipigia kiungo hesabu, kabla na baada ya kukatwa. Hakuna.

Katika ujenzi wa vyuma wa Marekani wa wakati ule kulikuwa na mazoea ya kugawana kazi. Mhandisi wa jengo huchora muundo na kuonyesha mizigo; viungo vya kawaida, vile vinavyopatikana kwenye majedwali, huachiwa kampuni inayotengeneza vyuma. Viungo visivyo vya kawaida ni vya mhandisi. Kiungo hiki hakikuwa cha kawaida. Ofisi ya mhandisi, Jack D. Gillum na wenzake, ilichora boriti, nondo na nati bila maelezo kamili ya kiungo. Karakana ilipopokea mchoro iliuchukulia kuwa ni kazi iliyokamilika, kiungo kimeshapigiwa hesabu na ofisi ya mhandisi. Ofisi ya mhandisi nayo ilichukulia kwamba karakana ndiyo itakayokimalizia. Michoro ya karakana, ikiwa na nondo mbili mahali pa moja, ilirudi kwa mhandisi mapema mwaka 1979, ikapitiwa, ikapigwa mhuri wa kukubaliwa. Kampuni ya vyuma ilisema kwamba kabla ya hapo ilipiga simu kuomba ruhusa ya badiliko. Ofisi ya mhandisi ilikana kupokea simu hiyo. Hata tukiiweka simu kando, karatasi yenye mhuri ipo.

Kulikuwa na onyo lililokuja na kupita. Tarehe 14 Oktoba 1979, hoteli ikiwa bado inajengwa, sehemu ya paa la ukumbi ule ule yenye zaidi ya meta za mraba 250 ilianguka baada ya kiungo kimoja cha chuma kushindwa. Ukaguzi uliofuata ulielekezwa kwenye paa, na viungo vya madaraja havikupigiwa hesabu hata baada ya tukio hilo. Wahandisi waliomba wawe na mkaguzi wao wa kudumu kwenye eneo la ujenzi, lakini mwenye mradi hakutaka kubeba gharama hiyo. Ninalitaja hili kwa sababu ni haki yao litajwe, ingawa siamini lingebadilisha mambo. Mkaguzi hulinganisha kilichojengwa na mchoro uliopitishwa, na madaraja yalijengwa sawasawa na mchoro uliopitishwa.

Hakuna aliyefungwa jela. Lakini shauri la leseni lilifika mbele ya jaji wa masuala ya utawala wa Missouri, James B. Deutsch, katikati ya miaka ya 1980. Utetezi mkuu wa wahandisi ulikuwa yale mazoea: kwamba kiungo ni kazi ya karakana. Jaji aliukataa. Alimkuta Gillum, aliyeweka mhuri wake kwenye mradi, na Daniel Duncan, mhandisi aliyesimamia kazi hiyo ofisini, na hatia ya uzembe mkubwa, na wote wawili walipoteza leseni zao katika jimbo hilo. Miaka ya baadaye Gillum alikuwa akisimama mbele ya wahandisi wenzake kukizungumzia kisa hiki na kukiri kwamba dhamana ilikuwa yake. Chama cha wahandisi ujenzi cha Marekani nacho kilichukua msimamo kwamba mhandisi wa muundo anawajibika kwa muundo wote, pamoja na kuipitia michoro ya karakana. Kazi ya kupiga hesabu inaweza kufanywa na mwingine, ila dhamana inabaki kwake.

Daraja la ghorofa ya tatu liliondolewa, na mawili yaliyoanguka hayakujengwa tena. Mahali pake iliwekwa roshani moja pana katika ghorofa ya pili, iliyosimamishwa juu ya nguzo zinazofika sakafuni.